Flai ya Kumbikumbi

Jumapili, 17 Machi 2024. Kebirigo

Leo O. kaniuliza swali nikakosa pa kutazama. Ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na mitatu, na tangu niliporudi nyumbani hushinda kando ya meza yangu akipanga flai kwenye visanduku, kumi na mbili kumi na mbili. Alikuwa ameinamia jiliwa akinitazama nikifunga, akasema: "Shangazi, hii ukiitupa mtoni samaki huja kweli?"

Nikamwambia huja.

"Uliwaona?"

Nikajifanya natafuta mkasi.

Miaka kumi na sita nilifunga flai Nairobi, na sasa mwaka wa pili nazifungia hapa nyumbani na kuzituma kwa basi. Siku njema hutoa dazeni sita. Nikitoa siku za ugonjwa, za misiba na za kungoja ndoana zifike kutoka ng'ambo, bado zitapita laki mbili. Laki mbili za nzi wa uongo: unyoya, uzi na waya juu ya ndoana ndogo, ili samaki wa Uingereza, wa Norwe, wa Marekani adhani ni mdudu. Watu wengi hapa hawajui kwamba kazi hii iko Kenya tangu enzi za walowezi, na kwamba mzungu akisimama mtoni kwao na kofia yake, kilicho mwisho wa mshipi wake huenda kilifungwa na mwanamke wa Kiambu au wa Nyamira. Mimi mwenyewe sijawahi kuona hata samaki mmoja akiiuma.

Jumatano, 20 Machi

Oda imefika: Adams namba 14, dazeni arobaini, Pheasant Tail namba 16, dazeni ishirini. Nimeipokea kwa furaha kwa sababu Adams naipenda. Haifanani na mdudu yeyote hasa, ila inafanana kidogo na wote. Aliyeibuni ni Leonard Halladay, mwaka 1922, huko Michigan. Akampa rafiki yake Charles Adams akaijaribu mto Boardman, nayo ikachukua jina la mvuvi, si la mfungaji. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Mwili wa kijivu, mkia na kola za manyoya mawili yaliyochanganywa, wa kahawia na wa madoadoa meupe na meusi. Kola ndiyo huielesha flai juu ya maji, kwa hiyo unyoya lazima uwe mkavu na mgumu. Manyoya hayo hutoka kwa majogoo wa Marekani wanaozalishwa kwa ajili ya manyoya yao tu. Nilipomweleza Mama kwamba kuna jogoo anayefugwa, analishwa, anatibiwa, kisha anachinjwa kwa sababu ya manyoya, alinyamaza kitambo akauliza: "Na nyama?"

Jogoo wake ana madoadoa hayo hayo. Nilimwomba manyoya ya shingo mwezi jana, yaliyodondoka tu. Nikajaribu. Laini mno, yanakunywa maji kama pamba. Mama hajanisamehe kwa kumdharau jogoo wake.

Jumamosi, 23 Machi

Nimemchukua O. tukashuka mtoni. Mto wetu huu ni Gucha, bado mchanga. Chemchemi zake ziko vilima vya Kiabonyoru, na hapa mtu mzima anauvuka kwa kuruka mawe matano. Ukishafika Migori watu wanauita Kuja, unaungana na mto Migori na kuingia Ziwa Victoria. Nimezaliwa kando yake, nimefua nguo humo, nimeteka maji yake kwa mtungi, nimeogopa kuzama ndani yake. Sikuwahi kugeuza jiwe lake nikatazama chini yake.

Jiwe la kwanza, hakuna. La pili, konokono. La tatu nikaliinua, likachuruzika, na chini yake kuna kitu kinatambaa upande kama kinateleza: chembamba, kahawia, kifua kinene kidogo, nyuma nyuzi tatu za mkia.

Nilimshika O. mkono. Nikamwambia, ile ni Pheasant Tail.

Ndiyo, nimeandika kichwa chini miguu juu. Mdudu ndiye wa kwanza, flai ndiyo ya pili. Lakini kwangu ilikuja hivyo. Ni kama mtu aliyechora picha ya mgeni maisha yake yote kwa maelezo ya simu, kisha anamkuta mgeni huyo jikoni kwao. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza, aliibuni kwa nyuzi za mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba tu, bila hata uzi. Waya ndio unaofunga na ndio unaozamisha. Nimeifunga hivyo mara elfu na elfu nikijua kila kipimo chake: mkia urefu gani, kifua kianzie wapi. Hakuna aliyenieleza kwamba kifua kile kinene ni mabawa yaliyokunjwa, yanangoja siku ya kutoka majini. Nimeona leo. O. alimweka kiganjani, akapanua macho: "Shangazi, umemkosea. Huyu ana miguu."

Ana miguu, kweli. Sita.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Mvua kubwa ya kwanza jana usiku. Leo baada ya ibada kumbikumbi wametoka. Watoto na ndoo, Mama na ungo, kuku wamechanganyikiwa hawajui wakimbilie wapi. Kikaango kimeshughulika tangu saa tisa.

Mimi nilikwenda mtoni, kwenye kile kidimbwi cha chini ya miringamu, mikaratusi yetu. Kumbikumbi walikuwa wanaanguka majini, mabawa yamelala, wanazunguka wakitapatapa. Na pale, nimeketi na nguo ya kanisani, nikaona duara. Kisha jingine. Kitu kinatoka chini, kinabusu uso wa maji, kumbikumbi hayupo.

Nimekaa pale mpaka giza.

Usiku huu, badala ya kuendelea na Adams, nimefunga yangu. Ndoana namba 12. Mwili wa sufu ya kahawia niliyochomoa kwenye sweta ya O. ya zamani, mnene nyuma. Mabawa manyoya mawili ya jogoo wa Mama, yale yale laini, yamelazwa bapa. Kumbikumbi aliyeanguka hasimami juu ya maji, amelowa, kwa hiyo udhaifu wa jogoo wetu hapa ni sifa. Haina jina kwenye katalogi yoyote. Hakuna wa kuikagua.

Kuna kitabu chembamba alichoniachia mgeni mmoja aliyetembelea karakana yetu ya Nairobi miaka ile. Kinasema Mrumi aitwaye Aelian, yapata mwaka 200, aliandika kuhusu watu wa Makedonia wanaovua mto Astraeus: walizungushia ndoana sufu nyekundu, wakaweka manyoya mawili yanayoota chini ya ndevu za jogoo. Sufu na manyoya ya jogoo. Leo usiku nimefanya kile kile, taa ya sola ikififia, na sikuwa nimekikumbuka kitabu mpaka nilipomaliza.

Jumamosi, 13 Aprili. Nimeandika kwenye matatu, mwandiko unisamehe

Nimemwona samaki.

Tulitoka alfajiri mimi na O.: Keroka, Sotik, Litein. Kupitia mtu anayejuana na mtu, nilikuwa nimeelekezwa kwa mzee mmoja Mkipsigis aliyewahi kubeba vikapu vya wavuvi wazungu kwenye mto Kiptiget. Tulimkuta mlangoni na makoti mawili, moja juu ya jingine. "Chamgei, mzee." Akaitikia, akanitazama mikono, si uso. Aliposikia nafunga flai akaomba kuziona kabla ya chai.

Kiptiget hutoka msitu wa Mau, maji yake baridi, na hayo ndiyo yaliyoleta trauti huku. Trauti ni samaki wa baridi. Mto ukipata joto anakufa. Si wa kwetu. Kitabu changu kinasema Ewart Grogan, yule aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai kutoka Scotland mwaka 1905, yakatiwa mto Gura, milima ya Aberdare. Yule mwingine mwenye mstari wa rangi za upinde akaja baadaye kupitia Afrika Kusini, na mwaka 1948 serikali ikaanzisha kituo cha kuwaangua pale Kiganjo, karibu na Nyeri. Walowezi wa majani chai wa upande wa Kericho nao wakawataka karibu. Mzee anaikumbuka Tea Hotel ya mjini, ile ya Brooke Bond, wageni wakishuka na fimbo zao kwenye mifuko mirefu "kama bunduki za kanisani". Sijui bunduki za kanisani ni zipi, nimeandika alivyosema.

Kibali anacho yeye, kwa hiyo fimbo alishika yeye. Mimi nilitoa flai. Akafunga Adams yangu.

Kurusha kwenyewe ni kitu cha ajabu. Mvuvi wa chambo hurusha uzito ulio mwishoni. Hapa mwishoni hakuna uzito, flai ni unyoya tu. Kilicho kizito ni mshipi wenyewe, na fimbo huupeleka nyuma ukanyooka, ukarudi mbele ukanyooka, kama kiboko cha mchunga ng'ombe asiyetaka kumpiga ng'ombe. Mzee alifunzwa na bosi wake kwa Kiswahili cha shamba: fimbo iende kati ya saa kumi na saa moja. Naye, kijana wakati huo, akafuata saa. Saa kumi yetu mshale uko kwenye nne. Saa moja uko kwenye saba. Zote chini! "Nikapiga maji mbele na nyuma kama anayefua blanketi." Ilimchukua wiki kugundua kwamba mzungu alikuwa anasoma tarakimu, hasomi saa. Kumi yake ni saa nne, moja yake ni saa saba. Kwa O. ilibidi mzee achore saa kwenye tope, maana mtoto anajua ya simu tu.

Mara ya sita au ya saba flai ilitua chini ya mzizi, ikaelea. Ikasimama sawasawa juu ya kola yake. Nilijua kila uzi uliokuwa pale. Kisha chini yake kivuli kikapanda, polepole, kikageuka samaki: madoa, tumbo la fedha, jicho. Akaja mpaka upana wa kidole kutoka kwenye flai. Akashuka nayo mkondo, hatua mbili, tatu, akiitazama kama mkaguzi wa karakana anavyoiinua kwenye taa.

Akarudi chini.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Miaka yote nilikaguliwa na mtu mwenye rula, na ningeweza kumbishia. Huyu hakusema hata kosa ni nini.

Hakuja mwingine. Tulipoagana alinipa fimbo yake ya pili, ya mianzi, imeunganishwa kwa gundi pale ilipovunjika, na mshipi uliopasuka pasuka. "Urudishe ukishamtoa mmoja," alisema. Sikuuliza na nisipomtoa je.

Jumanne, 16 Aprili

Mazoezi. Mahali penye nafasi pasipo na matawi ni bwawa la kaka yangu, lile lililochimbwa wakati wa mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, mita za mraba 300 kama yote ya wakati ule. Ngege walivunwa mara mbili. Kisha chakula cha samaki kikapanda bei, ukingo ukavuja, na sasa pamejaa nduma. Nimesimama ukingoni nikarusha juu ya nduma kati ya saa nne na saa saba. Jirani mmoja mama mzee alisimama njiani na mzigo wake wa mboga ya chinsaga, akatazama muda mrefu, akauliza kwa upole kama nimefikisha habari hii kwa mchungaji.

Jumatatu, 22 Aprili. Kisii mjini

Daraja Mbili, kutafuta sweta ya sufu ya kahawia kwenye mitumba. Muuzaji alishangaa nikizinusa na kuzivuta nyuzi badala ya kujipima.

Nikapitia kwa dada anayeuza samaki, Mjaluo, mteja wake mimi tangu nirudi. Nikamweleza samaki wa kidimbwi chetu. Alicheka: nyie Wakisii mnasema enswe kwa kila samaki mkamaliza. Kisha akanihesabia. Mwenye ndevu fupi mdomoni na magamba makubwa ya dhahabu ni fwani, anapanda mito. Aliyekuwa wa mito hasa ni ningu. Bibi yake alimsimulia mvua za masika zikinyesha ningu wanapanda kutoka ziwani kwenda kutaga, wengi mpaka mto unasikika. Nyavu za kutega zikaja zikatandazwa midomoni mwa mito, zikawakamata na mayai tumboni. Kabla ya uhuru uvuvi wake ulikuwa umekwisha kuporomoka. Siku hizi ni wa kubahatisha. Mezani pake leo: sangara, ngege, omena. Ningu hakuna.

Aliniuliza flai inauzwa bei gani. Nilipomtajia ya dukani Uingereza na ya mkononi mwangu alifunika samaki wake kwa nailoni na kusema twende tukanywe chai.

Jumatatu, 29 Aprili

Shule zilikuwa zifunguliwe leo. Zimeahirishwa kwa sababu ya mafuriko. Redio ni vifo na barabara zilizokatika. Hapa mlimani hatufuriki, sisi tunawapelekea wengine. Gucha imekuwa rangi ya chai ya maziwa, kisha ya kahawa, na kila unapotazama ujue ni shamba la mtu linapita. Tumelima mpaka maji yalipo. Penye mti ni miringamu, ile mikaratusi ambayo marehemu Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliagiza ing'olewe kando ya mito, tukaitikia, tukaiacha.

Kwenye maji haya samaki haoni hata pua yake. Flai ni kazi ya macho. Fimbo iko darini.

Jumatano, 8 Mei

Malipo ya oda ya Machi yameingia kwenye simu, pungufu. Dazeni tatu za Adams zimekataliwa: mabawa hayalingani. Hakuna kurudishiwa, hakuna picha. Nimempigia yule ninayemfungia, akasema mnunuzi ndiye anayesema. Nimekaa na hasira asubuhi nzima. Mchana nikazikumbuka zile za wiki ya mwisho wa Machi, nilizofunga baada ya usiku wa kumbikumbi, na ninashuku ni kweli mabawa hayakulingana.

Lakini dazeni tatu zote!

Jumamosi, 25 Mei

Maji yamesafika, si ya kuonyesha mchanga lakini mawe yanaonekana. O. kafunguliwa shule wiki mbili zilizopita. Leo yuko nyumbani, kwa hiyo tumekwenda. Na nani mwingine: watoto saba, mbwa, na Mama, aliyesema anakwenda kutafuta kuni, na hakuinua hata ukuni mmoja.

Nilianza na flai ya kumbikumbi, kwa heshima. Ilitua vibaya, ikatua vizuri, ikatua juu ya mti. Niliyoikomboa ikarudi majini mara ishirini. Hakuna duara. Nilipaswa kujua: kumbikumbi wamekwisha, samaki wa nini akumbuke Ijumaa Kuu? Nikaweka Adams, mojawapo ya zilizobaki za wiki ile ya kumbikumbi. Ikaelea kwa fahari kidimbwi kizima, mabawa yasiyolingana na yote, hakuna aliyejali.

O. ndiye aliyegeuza jiwe. Akaninyooshea kiganja: yule yule wa mikia mitatu. Hakusema kitu, mtoto ana adabu kuliko umri wake. Nikafunga Pheasant Tail namba 16, nikairusha juu ya mkondo, ikazama kwa uzito wa waya wake, nikafuata mshipi kwa macho kama mzee alivyonionyesha. Mshipi ulitembea, ukatembea, ukasimama.

Maji hayakusimama. Mshipi tu.

Nikainua fimbo, na upande wa pili kukawa na mtu. Sina namna nyingine ya kuandika. Kitu kilivuta kwa hiari yake, kupitia ndoana, mshipi, mianzi ya mzee, mpaka kwenye vidole hivi viwili vinavyoshika uzi mwaka baada ya mwaka. Watoto walipiga kelele kama goli limeingia Gusii Stadium.

Urefu wa kidole changu cha kati. Magamba yanang'aa dhahabu, ndevu mbili fupi kila upande wa mdomo. Ndugu wa fwani, au mtoto wake, dada wa Daraja Mbili atanithibitishia. Flai ilikuwa imekaa pembeni mwa mdomo, na ndani ya mdomo, nilipoufungua, kulikuwa na mabaki ya mdudu wa kweli. Nikaviweka sambamba mbele ya macho. Miguu, kweli, inakosekana.

Nililowesha mkono, nikamwacha aende.

Jumapili, 26 Mei

Kumbikumbi namba 12: hakuna. Adams namba 14: hakuna. Pheasant Tail namba 16: mmoja.

Fimbo narudisha Jumamosi ijayo, Litein, pamoja na dazeni moja ya Adams kwa mzee, zenye mabawa yanayolingana. Oda mpya ni dazeni hamsini, inaanza kesho.

Mama hasemi nami tangu jana. Kwanza jogoo wake, sasa samaki mzima nimemrudisha mtoni mbele ya watu.